Wimbo Aliouwekea Kufuli

Watu walimwita Mzee Chukua, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alipiga gita, akarekodi chumbani kwake, kisha akauza nyimbo kwa simu. Ukishalipia, wimbo ni wako: mrushie shangazi, uweke kwenye redio ya gari, shauri yako. Hakuweka kufuli lolote. Wanamuziki wenzake walimcheka hadi mbavu zikawauma.

"Chukueni tu," aliwajibu. "Wimbo uliofungiwa utajulikana na nani?"

Lakini wimbo mmoja aliufunga. Huo aliuimba mkewe, mara moja tu, amesimama mlangoni na ndoo mkononi, na mwishoni akaangua kicheko. Mzee akashikwa na wivu, tena wivu wa kijinga kabisa. Akamwita fundi auwekee kufuli, usifunguke popote ila kwenye kompyuta yake.

"Nyimbo zote umeziacha zitembee," mkewe alimtania, "mimi ndiye unayenifungia ndani?"

"Wewe ni wangu peke yangu."

Mke akafariki. Mwaka haujaisha, kompyuta nayo ikazima moja kwa moja, na kazi zake zote zikiwa humo. Nje alibaki na nakala moja tu, ya wimbo wa mkewe, kwenye flashi. Akaijaribu kwenye kompyuta ya fundi. Ikakataa.

"Inaitaka ile ya zamani," fundi alisema. "Pole, mzee wangu."

Kinyozi wa jirani aliposikia kwamba nyimbo zimepotea, aliwaambia wateja wake, nao wakaambiana. Jamani, watu wakiamua wana roho nzuri! Nyimbo zikaanza kurudi: kutoka simu ya dereva, ya muuguzi, ya mtu wa mji mwingine ambaye mzee hakumjua hata kwa sura. Kinyozi akamletea zote, mbio, uso umemng'aa.

"Arobaini na moja, mzee! Hebu angalia, kuna uliokosekana?"

Mzee alizipitia mmoja mmoja. Angesema nini, na kosa ni lake?

"Hakuna," alisema. "Asante sana, mwanangu."

Alipobaki peke yake, alichomeka flashi kwenye kompyuta aliyoazima. Jina la mkewe likatokea, na urefu wa wimbo: dakika nne na sekunde kumi na mbili. Akabonyeza. Ukakataa. Basi akakaa hapohapo kwa dakika zilezile nne, macho ameyafumba, akiuimba moyoni. Maneno aliyakumbuka yote. Kicheko hakikuja.