Tangi la Kwa Kaza

Msusi huyu walimwita Kaza, na aliyetaka kujua sababu alikaa tu kwenye kiti chake. Ukitoka mikononi mwake nywele zilikaa mwezi mzima bila unywele kuchomoka, lakini siku ya kwanza ulilala macho wazi, maana ngozi ya kichwa ilivutwa mpaka kope zikakataa kukutana. Wateja walilalamika, wakameza dawa ya kichwa, wakarudi.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu na kioo kirefu kilichoota kutu pembeni. Mlango wa nyuma uliingia chumba alicholala. Upande wa kushoto, karibu ukuta mzima, lilikaa tangi la samaki aliloachiwa na mteja aliyehama. Walikuwa samaki wa ziwani, ndugu wa perege, ila si wa kukaanga: bluu iliyokolea, manjano, wengine wenye milia. Wanawake waliosukwa waliwatazama kama watu wanavyotazama ugomvi wa jirani, na kweli ulikuwa ugomvi.

Mwanzoni Kaza aliweka samaki wachache, akidhani anawapa nafasi. Dume mmoja akajitwalia pango, akamwandama jike mnyonge mpaka akamwua, kisha akamgeukia mwingine. Kaza akamwita fundi wa matangi.

"Umewaweka wachache mno, mama," fundi alimwambia, mkono wake ukiwa ndani ya maji hadi kwenye kiwiko. "Hawa ni wakorofi. Wakiwa wachache, mbabe huchagua mmoja wa kumtesa. Wajaze. Dume mmoja kwa majike kadhaa, mawe mengi ya kujificha, na chujio lenye nguvu, maana uchafu utaongezeka. Hapo kila mmoja atapata kipigo kidogo na hakuna atakayekufa."

"Nikitaka kuongeza mgeni?"

"Usilete mmoja peke yake. Lete kadhaa kwa pamoja, panga mawe upya ili wenyeji nao wapotee, zima taa. Na usithubutu kuwachanganya na samaki wapole, hasa wale wenye mapezi marefu. Hao watawatafuna wakiwa hai."

Kaza alishika kila neno. Tangi likajaa, likatulia kwa namna yake, likawa sifa ya mtaa.

Miaka hiyo alikuwa pia akimuuguza mama yake chumba cha nyuma. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mama upande mmoja. Kaza alimgeuza, akamwogesha, akamlisha, kisha akanawa mikono na kurudi kusuka. Mdogo wake alikuwa ameolewa mbali, akituma salamu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwa mama yao mambo yalikwenda kinyume. Kila Kaza alipomfuta uso, mama alitabasamu na kumwita kwa jina la mdogo wake.

"Ni mimi, mama," Kaza alisema mwanzoni. Baadaye akaacha kusahihisha. Mama alikata roho akimshukuru binti ambaye hakuwepo.

Mdogo wake hakufika mazikoni. Alikuja msimu uliofuata, mumewe alipomfukuza na kuingiza mwanamke mwingine. Alishuka na begi moja na ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki mweupe mwenye mapezi marefu kama pazia, aliyemlea tangu akiwa mdogo kama ukucha. Alizoea kula chakula vidoleni mwake.

"Nguo zangu nyingi zimebaki," alimwambia dada yake. "Huyu nilishindwa kumwacha."

Kaza akampa godoro na kazi ya kuosha nywele. Jioni ya kwanza, mdogo wake aliuliza akiwa amegeuza uso, "Dada, mama alinitaja?"

"Hakukutaja," Kaza alisema, akaendelea kuchambua rasta.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona. Mdogo wake alikuwa na mikono laini. Aliosha nywele taratibu, na wateja walisinzia kwenye beseni midomo wazi. Akaanza kusuka vichwa vya watoto, wakaacha kulia. Kisha siku moja mwalimu wa shule, mteja wa Kaza wa tangu enzi, alikaa kwenye kiti na kusema bila ubaya wowote, "Leo anisuke mdogo wako. Nina kikao kesho, nataka kufumba macho."

Watu wakacheka. Kaza naye akacheka, akampisha.

Yule samaki mweupe alikuwa akiishi kwenye chupa kubwa dirishani, na jua lilikuwa linaipasha chupa moto. Asubuhi moja ya Jumamosi, saluni ikiwa imejaa, mdogo wake aliona samaki anahema juu ya maji.

"Dada, hii chupa itamwua. Hawezi kukaa na hao wako?"

Kaza alikuwa na kitana mkononi. Alilitazama tangi, akamtazama samaki, na fundi akamjia kichwani kana kwamba amesimama pale.

"Mtie," alisema. "Watazoeana."

"Hawana shida?"

"Samaki kwa samaki, mdogo wangu. Mtie."

Hakusogeza jiwe. Hakuzima taa. Mdogo wake alimimina polepole, na yule mweupe akatanua mapezi yake, akapendeza kiasi kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia nywele alisema mashallah. Dume wa bluu alitoka pangoni. Alimzunguka mara moja tu, akanyofoa kipande cha pezi. Wengine wakaja. Walijichotea kama walioitwa karamuni, na kilichokuwa pazia kikawa vinyuzi. Macho yakafuata.

Mdogo wake alitumbukiza mikono yote miwili, povu la sabuni likiwa bado kwenye vidole.

"Toa mikono," Kaza alisema, bila kuacha kusuka. "Utaniulia samaki kwa sabuni."

"Dada, nisaidie."

"Nina kichwa cha mtu hapa."

Mdogo wake alipompata, alipata nusu. Alisimama amemshika kiganjani, maji yakimchuruzika hadi sakafuni. Mwalimu, aliyekuwa akisubiri zamu yake, ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Kaza, wewe ulijua."

"Nilijua," Kaza alisema.

"Nimekukosea nini?" mdogo wake aliuliza.

Kaza akaachia nywele za mteja. "Nilimwogesha mama mpaka mgongo wangu ukapinda, naye akaniita jina lako. Alikuita wewe mpaka pumzi ya mwisho. Nilikudanganya. Sasa unajua, kaa nalo hilo."

Mteja aliyekuwa kitini, nywele zake zikiwa nusu zimesukwa na nusu zimesimama, alitafuta viatu vyake kwa miguu.

Mdogo wake hakuondoka siku ile, maana hakuwa na pa kwenda, na Kaza alilijua hilo vilevile. Aliendelea kuosha nywele. Kila asubuhi alifagia, na aliagizwa awalishe samaki wa tangi, akawalisha. Walipanda juu kumlaki, wakanenepa. Dada yake alisimama nyuma kuhakikisha hawapunji chakula.

Mwalimu ndiye aliyemtafutia chumba ng'ambo ya barabara ya stendi, na wateja wakamfuata mmoja mmoja. Kwa Kaza wakabaki wale waliotaka msuko wa kudumu.

Miaka ikapita bila salamu kati yao. Kisha Kaza akalazwa kwa upasuaji wa tumbo, na wiki nzima hakuna aliyemtembelea. Siku moja mdogo wake akaingia wodini na chupa ya supu. Hakuketi. Alimlisha kijiko kwa kijiko, akamfuta kidevu, akafunga chupa yake, akatoka. Hakurudi tena.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. "Huyo ni nani wako? Ana mikono mizuri."

"Supu haikuwa na chumvi," Kaza alijibu, akavuta shuka.