Kikohozi Nisichokuwa Nacho

Mume wangu ni mtu mwenye haya. Tumezaa watoto wanne, tumelima kabichi na karoti pamoja miaka yote hii hapa juu ya Soni, lakini kuna maneno hayapiti mdomoni mwake. Titi ni mojawapo. Kwa hiyo niliporudi kutoka hospitali Lushoto, wameshanichoma sindano na kuchukua kinyama kwenye uvimbe wa titi la kushoto ili kikapimwe Moshi kama ni saratani, jirani alimuuliza mkeo ana nini, naye akajibu kwamba kifua kinanisumbua.

Basi. Kwetu ukisema kifua, watu wanasikia kikohozi.

Kesho yake jirani akaja na tangawizi iliyopondwa, limau na asali. Mwingine akaleta majani ya mkalitusi nijifukize. Ningetaka kuwaambia siumwi hivyo, lakini ningesema naumwaje? Mwenyewe sikuwa na ujasiri wa kulitamka lile neno saratani, hata nikiwa peke yangu shambani. Nikainama juu ya sufuria, blanketi kichwani, jasho linanitiririka, wao wamekaa wananiangalia wameridhika kabisa. Jioni nikamwambia mume wangu, wewe na kifua chako mtaniua kabla majibu hayajafika. Akacheka kidogo, akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye alishamwangalia.

Simu nayo ilikuwa adhabu. Hospitali walisema watanipigia majibu yakirudi, nikawa natembea nayo mpaka chooni. Ikiita, moyo paa! Kumbe kampuni ya simu inanitangazia bando. Maneno niliyomtolea yule dada wa kwenye rekodi sitayaandika hapa.

Kilichoniuma zaidi ni kwaya. Naimba sauti ya pili kanisani tangu sijaolewa, na siku zile kuimba ndiyo ilikuwa saa pekee niliyosahau. Mwalimu wetu wa kwaya, mtu ambaye huruma yake haina breki, akaniambia nipumzike mpaka kifua kikae sawa. Jumapili nikakaa benchi la nyuma pamoja na waliochelewa, nikawasikiliza wenzangu wakiimba bila mimi. Nililia. Mama aliyekaa pembeni yangu akanipa pipi ya koo.

Halafu akaja mhudumu wa afya wa kijiji, binti mpole, kashika kikopo cha plastiki. Shikamoo baba, shikamoo mama. Akaeleza kwamba amesikia mama anakohoa wiki ya tatu sasa, kwa hiyo anaomba makohozi yakapimwe kifua kikuu, na watu wote wa nyumba hii wapimwe pia. Nikakunja mikono, nikamwangalia mume wangu, nione leo atatokea mlango gani.

Akavua kofia. Akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "mama yako hakohoi. Ni titi. Lina uvimbe. Tunasubiri majibu."

Binti akatupa pole, akakirudisha kikopo chake kwenye begi, akaaga. Mume wangu akabaki pale kwenye kigoda, hata chai hakuigusa. Nikamtania, kumbe unajua linaitwaje. Hakucheka. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia naogopa sana, naogopa mpaka nikipalilia nasahau nilipoishia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kabla ya hapo. Yeye akainuka, akachukua jembe, akasema anaenda kumalizia ule mstari.

Wiki ileile simu ikaita kweli, tukapanda Lushoto wote wawili. Daktari akafungua karatasi, akasoma kimya, nikaona hata anavyosoma anasoma polepole mno. Kisha akasema si saratani. Ni uvimbe wa kawaida, nirudi baada ya miezi sita wauangalie tena. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamshukuru, nikafunga mkoba, nikasimama.

Mume wangu hakusimama. Nikamwambia twende baba watoto, kuna watu kwenye foleni.

"Nisubiri kidogo," akasema. "Miguu imekataa."

Nikarudi nikakaa kando yake. Wiki zote zile nilidhani nasubiri peke yangu.