Marudio ya hesabu

Juma hili nilikuwa kwa direkteri wa shule moja hapa Goma, mama mmoja akaingia na binti yake.

"Direkteri, mwalimu anabakisha mutoto peke yake kila masomo yakiisha. Mutoto anaogopa."

"Mama, ni marudio ya hesabu tu. Yule ni mutu wa Mungu."

"Vizuri. Hata mimi hesabu ilinishinda."

Masomo yalipoisha, mama akaenda kuketi kwenye benchi kando ya binti yake. Direkteri na mimi tulisimama mlangoni pa darasa. Mwalimu alimtazama yule mama, akafuta ubao polepole, akasema marudio hayahitajiki tena. Binti akakimbia kuwafuata wenzake.

Direkteri akamwita mwalimu ofisini, akafunga mlango. Mimi sijawahi kuona mtoto akielewa hesabu haraka namna ile.