Chembe Zile na Mtu Niliyemtaja

Wa kwanza ninayemlaumu ni mpima damu wa zahanati ya misheni. Nilikwenda kwake na mimba yangu ya kwanza, miaka michache baada ya Uhuru, nikatembea kutoka ng'ambo ya Kebirigo huku malaria inanitetemesha meno. Nilimwambia nina homa. Akasema homa ni ya chumba cha pili, yeye kazi yake ni damu.

Niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo. Alinitoa damu, akaiacha mpaka maji yake ya manjano yakajitenga juu, akayachanganya na dawa katika kichupa chembamba, akakitikisa. Kisha akakiinua dirishani. Ndani mlikuwa na chembe nyeupe, kama maziwa yanayoanza kuganda. Akatangaza, wanawake wote wa barazani wakisikia, kwamba nina kaswende, nimlete mume.

Mume wangu alipimwa wiki iliyofuata. Kichupa chake hakikuwa na chembe hata moja. Jioni hiyo mama mkwe aliuliza, bila kupandisha sauti, ikiwa mwanawe ni safi, basi mimi uchafu huo niliuokota kwa nani. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Akaomba aongezewe mboga. Naye namlaumu.

Nilichomwa sindano zote, lakini sindano haikufuta kilichosemwa. Kwetu Wagusii kuna amasangia. Mke akitoka nje ya ndoa, wazee husema, siku ya uchungu mtoto hugoma kutoka mpaka mama ataje kila mwanaume. Na uchungu wangu, kwa bahati mbaya, ulilala nami ukaamka nami. Mchana wa siku ya pili hakuna aliyezungumza habari ya kunipeleka hospitali. Walitaka majina tu. Mama mkwe alisimama miguuni pangu. Niliapa kwamba hakuna mtu.

"Damu yako imeshasema," aliniambia. "Wewe unamficha nani? Unamuua mjukuu wangu kwa aibu yako."

Mtoto alikuwa ameanza kutulia tumboni. Nilimngoja apige teke, hakupiga. Basi nikaanza kuwapitia wanaume wa kilima chetu mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja. Huyu ana ndugu watano. Yule ni mzee wa kanisa. Nikafika kwa mkata matawi ya chai, kapera aliyetoka upande wa Nyamache, aliyekaa kwenye kipande cha ardhi alichopewa na mjomba wake marehemu. Maishani mwake alikuwa amenisalimu labda mara kumi. Nilimchagua kwa sababu hakuwa na ndugu wa kumtetea. Nikamtaja.

Kabla jua halijashuka, mtoto alitoka. Mvulana, analia.

Shemeji zangu walimpiga yule mtu wakamng'olea miche yake ya chai. Siku ya tatu nilikuwa nimemwanika mtoto kwenye jua, nikamwona yule mtu amesimama kwenye ua, mdomo umepasuka, kifurushi begani.

"Shemeji, mimi nimekukosea nini?"

Nilimfunika mtoto uso kwa kanga. Ndilo jibu nililompa. Akaondoka, na tangu siku hiyo, mbwa akibweka kuelekea ule ua, sitoki nje.

Miaka ya sabini, nikiwa na mimba ya nne, nilipimwa katika hospitali nyingine, mjini Kisii. Malaria ilikuwa imenirudia. Mpimaji, kijana mpole, akaona chembe. Nikageuka niondoke. Akanikalisha. "Mama, malaria nayo huleta chembe hizi," alisema. "Hata mimba yenyewe huweza. Meza dawa ya homa, urudi baadaye tupime tena." Safari hii sikuchomwa sindano yoyote. Niliporudi homa imekwisha, maji yalikuwa safi ndani ya kichupa. Nilimwuliza kama yule wa kwanza hakujua. Akasema hawezi kujibia kazi ya mwenzake.

Siku hiyo hiyo nilimwendea mama mkwe, akiwa anapukuchua maharagwe, nikamweleza yote: homa, chembe, na yule mtu asiye na kosa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama hakuwa yeye," alisema, "mbona mtoto alitoka ulipomtaja?"

Akaendelea kupukuchua. Amezikwa sasa.

Mume wangu nilimwomba amtafute yule mtu, akasema tusifukue. Basi nikaenda mwenyewe Nyamache, siku ya soko. Nilizunguka nikitazama nyuso. Mwanamke mmoja muuza ndizi aliona nimepotea, akaniuliza kwa upole ninamtafuta nani, maana yeye watu wa pale anawajua wote. Nikafungua mdomo. Jina lilifika kwenye ulimi likakaa pale pale. Alingoja, akaniita mama, akaniuliza tena.

Nikamwambia nanunua ndizi.