Kikomo cha Kushoto

Nafundisha hesabu Migori sasa, na hata leo nikiona fotokopi iliyofifia huigeuza kifudifudi. Mwalimu wetu wa hesabu chuoni, kule Homa Bay, alikuwa na noti zilizonakiliwa kutoka nakala ya nakala, zimeshikwashikwa hadi zikanuka mafuta ya mandazi. Alitaka tuzikariri. Mtihani ulitoka humo kila mwaka, na majibu aliyasahihisha kwa kulinganisha neno kwa neno.

Ukurasa wa saba ulikuwa na kosa. Ulidai kwamba kipeuo cha pili cha x kutoa 3, x ikikaribia 3, kina kikomo cha sifuri, yaani majibu huikaribia sifuri, kutoka kulia na kutoka kushoto vilevile. Uongo mtupu! Kutoka kulia, sawa: weka 3.1, 3.01, kisha 3.001, utapata kama 0.32, 0.1, 0.03, majibu yakishuka kuelekea sifuri. Lakini upande wa kushoto, 2.9 kutoa 3 ni hasi, na hasi haina kipeuo cha pili katika namba tulizokuwa tukitumia. Huko hakuna pa kukanyaga, sasa utakaribiaje?

Mwenzangu wa dawati, msichana wa familia ya wavuvi kutoka Kisegi, hakuweza kukariri kitu asichokielewa. Jumapili moja baada ya misa tuliketi nje ya maktaba nikampa kikokotoo. Akabonyeza 2.9, kikakataa. Akajaribu 2.99, kikakataa. Kwa 2.999 akaanza kucheka huku akijipiga mapaja.

"Omera, ndugu yangu, kumbe huku hakuna kitu! Sasa hii noti inasema nini?"

"Achana na hiyo takataka," nilimwambia, nikijiona bingwa. "Wewe andika ukweli."

Kwenye mtihani swali likaja lilelile. Yeye akaandika kwamba kikomo cha kushoto hakipo. Mimi nikaandika sifuri, pande zote mbili. Niliandika bila kusita, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko noti zote za mzee yule.

Karatasi ziliporudishwa, mwalimu aliinua yangu juu darasa zima liione. Mwenzangu alikuwa ameanguka kwa alama za swali hilo hilo. Angerudia somo mwaka mzima, sisi wengine tukienda mazoezi ya kufundisha. Msichana aliivuta karatasi yangu akaisoma polepole. Nilijiandaa kutukanwa, na ningestahili.

"Kwani baadaye uliona tulikosea?" akaniuliza kwa upole. "Mbona hukuniambia?"

Hakuwa amewaza kabisa kwamba ningeweza kuandika kitu nisichokiamini. Hapo bado ningeweza kumwambia ukweli.

"Ndio," nikasema. "Tulikosea."

Akashukuru, akalikata jibu lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika sifuri juu yake.