Zohali na Marahaba za Bibi

Jicho la kushoto la bibi lilishakufa zamani. La kulia, daktari alisema presha imelibana, haliponi, ila akitia matone kila siku litajikongoja miezi kadhaa. Basi akashuka kutoka Kinole kukaa kwetu mjini, karibu na kliniki. Na mimi, kwa mdomo wangu, nikamsimulia kwamba kuna kituo cha nyota hapa mjini hufungua darubini kwa wananchi mara moja kwa mwezi, na kuna sayari, Zohali, imevaa pete.

"Hiyo niione kabla sijafunga duka," akasema.

Tukaenda baada ya magharibi. Foleni ndefu, lakini bibi mwenye mkongojo nani ambane? Wakampisha. Balaa likaanzia hapo. Kila aliyempisha alimwamkia, na bibi yangu ni Mluguru wa milimani, hana marahaba ya kurusha.

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo? Na mashamba?"

Watu wa mjini wanajibu mashamba hayajambo, hawana hata tuta la mchicha.

"Bibi, Zohali inaondoka!"

"Iende wapi? Watu wameniamkia."

Mtaalamu wa darubini naye akamwamkia, akaulizwa hadi wakwe. Mtaalamu alipochungulia, sayari ilishatoka kwenye kioo, maana darubini yao husogezwa kwa mkono. Akaitafuta, akaipata. Bibi anainama tu, wingu la Uluguru, lile lisilo na adabu, likatanda.

"Mbona giza?"

"Wingu, bibi."

"Nikuamini wewe? Juzi umenitilia chumvi kwenye chai ukaapa ni sukari."

"Haki ya Mungu, wingu! Muulize mtaalamu."

"Ni wingu, bibi," mtaalamu akasema, kwa sauti ya upole kama ya nesi aliyeficha sindano mgongoni. Akaharibu kabisa.

"Msinihurumie. Dude linaloleta Zohali likishindwa kunionyesha kitu, jicho limekwisha."

Asubuhi ya siku ile alikuwa amechambua mchele mwenyewe. Kesho yake akanisukumia sinia nichambue mimi. Chupa ya matone nikaikuta kwenye takataka, nikamrudishia. Akaitupa tena. Mama akabembeleza, akalia, wapi!

Mwezi uliofuata, jioni ya darubini, anga lilikuwa jeupe, halina hata uzi wa wingu. Bibi alikuwa barazani. Akaniuliza kwa nini hatujawasha taa.

Ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.