Kilemba cha Saa Kumi na Mbili

Poda ya hapa studio inanukia kama ile aliyopakwa mdogo wangu alipokuwa mchanga. Napakwa usoni huku nacheka peke yangu. Leo nasoma habari za Kifaransa za saa kumi na mbili jioni, mara yangu ya kwanza!

Chumba chetu cha chini ya nyumba, kule Malvern ughaibuni, kilikuwa na mgeni mmoja tu: mtangazaji wa Kifaransa kwenye televisheni. Mama akirudi kazini alinawa uso, akafunga kilemba, akaketi wima.

"Mtu anaingia kwako, utampokea kichwa wazi?"

Mtangazaji akisema "bonsoir", habari za jioni, mama alimwitikia.

Jioni moja nilijipaka poda ya mtoto hadi kwenye nyusi, nikasimama mbele ya televisheni, nikamziba mgeni wake. "Bonsoir!" Nikatangaza theluji. Nikatangaza kwamba maharage yanaungua, na kweli yalikuwa yanaungua.

Mama hakwenda jikoni. Alimzima yule wa kweli, akakaza kilemba.

"Bonsoir, madame. Endelea."

Hapa studio zimebaki dakika tatu. Simu inatetema, ni mdogo wangu.

"Dada, mama amefunga kilemba tangu saa nane."